Mstari Mmoja Si Habari Nzima



Ipo kazi ndogo ambayo baadhi yenu mnaifanya tayari na wengine mtaifanya siku moja, nayo haipigiwi makofi na mtu yeyote. Ni kazi ya kusafisha orodha. Mmoja ni mwandishi wa kikundi chenu na anashika daftari la wanachama. Mwingine anaingiza majina ya wanafunzi katika kompyuta ya shule huko Manika. Mwingine amepata kibarua katika ofisi ya kampuni ya madini upande wa Luilu, akipanga majina ya wanaoingia zamu. Mwingine ataitwa, uchaguzi ukikaribia, kuandikisha wapiga kura. Wote hao watapewa agizo lile lile: ondoeni yaliyojirudia, kila kitu kibaki mara moja tu. Agizo hilo huonekana jepesi kama kuchekecha unga. Lakini katika chekeche hili hupita watu, na anayetupwa pamoja na makapi huenda ni mtoto wa jirani yetu.

Tunaomba tuanzie mbali kidogo, kwa watu walioifikiria kazi hii kwa makini kwa sababu mashine zao ziliwalazimisha. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta kubwa za aina ya System/360. Wajukuu wa mashine hizo, zinazoitwa meinfremu, bado zinafanya kazi katika mabenki makubwa, kampuni za bima na ofisi za serikali za nchi nyingi. Kila mashine ya namna hiyo huandika shajara usiku na mchana: kazi fulani imeanza, kazi fulani imekwisha, diski fulani haijibu. Kila ujumbe una alama yake. Aonaye IEF403I anajua kwamba kazi imeanza. Aonaye IEF450I anajua kwamba kazi imekatika vibaya kabla ya kufika mwisho. Hata herufi ya mwisho ina maana yake: I ni taarifa tu, bali A inamtaka mwendeshaji anyanyuke na kutenda jambo.

Ugumu huanza ujumbe unapohitaji mistari mingi. Mstari wa kwanza ni kichwa, inayofuata ni habari zenyewe, na wa mwisho hufunga. Kwa kuwa mashine hufanya kazi nyingi kwa pamoja, mistari ya ujumbe mmoja huweza kuchanganyika na mistari ya ujumbe mwingine, kama mazungumzo ya watu wengi sokoni. Ndiyo maana mashine huipa mistari ya ujumbe mmoja namba ya tarakimu tatu inayoifunga pamoja, ili msomaji ajue mstari huu ni mwili wa kichwa kipi.

Sasa mfikirieni kijana mwerevu mwenye haraka. Anachukua shajara nzima, anaipanga mstari kwa mstari kwa mpangilio wa alfabeti, kisha anaandika amri fupi ambayo watu wa kazi hiyo wanaifahamu sana, SUM FIELDS=NONE, ambayo maana yake ni kwamba yanayolingana libaki moja. Kwa dakika chache shajara ndefu imekuwa fupi, naye anafurahi. Lakini vichwa vimetengana na miili yao. Mstari uliosema kwamba hakuna kosa, ambao ulikuwa umesimama ndani ya jumbe mia mbili mbalimbali, sasa umesimama mara moja tu, na hakuna ajuaye ni kazi ipi iliyokuwa haina kosa. Hakuandika uongo hata mahali pamoja. Kila mstari uliobaki ni wa kweli, na shajara nzima haina tena maana.

Mwenye subira hufuata njia nyingine. Kwanza anakusanya: kila mstari anaupa alama ya kichwa chake, ili usitembee peke yake. Pili, anaweka kando yale ambayo hutofautiana daima, kama saa na namba ya kazi, kwa sababu akiyalinganisha hayo hakuna jumbe mbili zitakazolingana kamwe. Anayaweka kando, hayatupi, kwa kuwa atayahitaji baadaye. Tatu, analinganisha ujumbe mzima na ujumbe mzima. Nne, pale anapobakiza mmoja, anaandika pembeni hesabu yake: umeonekana mara ngapi, mara ya kwanza lini na mara ya mwisho lini. Ujumbe uliorudiwa mara mia nne katika usiku mmoja una jambo la kusema ambalo ujumbe wa mara moja hauna. Anayefuta marudio bila kuhesabu amefuta pia kilio.

Sisi wa Kolwezi tunaweza kulielewa hilo bila kuiona meinfremu. Njia ya umeme itokayo Inga hadi hapa ina urefu wa kilomita 1,700 hivi, na ilianza kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umeme ukikatika, kila mtambo wa mgodi wenye kompyuta yake huandika: pampu imesimama, mkanda wa kubebea mawe umesimama, kinu kimesimama. Ni mamia ya mistari, na tukio ni moja. Mtu akiyachukulia kuwa matatizo mia tatu atakimbia huku na huko hadi alfajiri. Lakini akiyafuta yote akabakiza mstari mmoja wowote, atakuwa amepoteza jambo lenye thamani, yaani nani alianguka kwanza. Maana mara nyingi aliyeanguka kwanza ndiye anayeonyesha madhara yalianzia wapi. Kujua kwamba mashahidi wengi wanasema jambo moja ni hekima. Kuwafukuza mashahidi kwa sababu wamekubaliana ni jambo lingine kabisa.

Kutoka kwa mashine twende kwa watu, maana mtu naye ni ujumbe wa mistari mingi. Jina ni mstari mmoja. Jina la mama ni mwingine. Tarehe na mahali pa kuzaliwa, uso, alama za vidole, namba ya kazi ambayo wazee wetu wa Gécamines waliijua kwa moyo kuliko wimbo wowote: yote hayo ni mistari. Na hakuna mstari hata mmoja ambao peke yake unamtosha mtu.

Tazameni majina yetu. Ngoy, Ngoie na Ngoyi huweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani watatu. Ilunga Kasongo na Kasongo Ilunga huenda ni mmoja, karani mmoja akiwa ametanguliza jina na mwingine jina la pili. Huenda pia ni binamu wawili wanaoishi katika ua mmoja. Mapacha kwa Waluba wa Katanga huitwa Kyungu na Kabange, na kwa Waluba wa Kasai huitwa Mbuyi na Kabanga. Basi kila nyumba iliyobarikiwa mapacha ina Kabange wake au Kabanga wake, na mji wetu umejaa watu walioshiriki majina hayo bila kushiriki damu.

Sisi tulio katika miaka ya hamsini tuna sababu nyingine ya kulijua jambo hili. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi, Rais Mobutu aliagiza majina ya Kikristo yaachwe na kila mtu achukue majina ya mababu. Basi wengi wetu tulibatizwa kwa jina la mtakatifu, ambalo liliitwa nyumbani na kanisani, na shuleni tukaandikwa kwa jina jingine. Baadaye majina yale yalirudi, yakaongezwa mwishoni. Kwenye karatasi tulikuwa watu wawili kabla hatujajua kushika kalamu. Mashine inayolinganisha herufi tu ingetuhesabu mara mbili bila sisi kudanganya mtu. Au, ikitufuta, ingefuta yule ambaye mama yetu alimwita.

Katika mafunzo ya walimu tunayoyaendesha, tumezoea kuwapa orodha ya wanafunzi 40 wa kubuni na kuwaambia waondoe waliojirudia. Mara ya kwanza tunawapa majina peke yake na dakika tano. Wengi humaliza kabla ya wakati, kalamu zikiwa zimewekwa mezani kwa kujiamini. Kisha tunawagawia ukurasa wa pili wenye jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na shule ya mwaka uliopita. Ukimya huingia. Waliofutwa wanaanza kufufuka mmoja mmoja, na waliohesabiwa wawili wanageuka kuwa mmoja. Mwishoni daima kuna mwalimu anayeuliza kama upo ukurasa wa tatu. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamngoja.

Zoezi hilo halikutoka hewani. Katika shule moja, majina ya watahiniwa wa darasa la sita yaliandaliwa kwa haraka, na msichana mmoja akaondolewa kwa sababu baba, mama, tarehe ya kuzaliwa na makazi yake vililingana na vya mwenzake wa mstari wa juu. Mwenzake huyo alikuwa pacha wake. Jambo liligunduliwa kwa njia nyepesi kuliko zote: mwalimu wa darasa alihesabu watoto walioketi, akapata 61, na majina yalikuwa 60. Kama asingehesabu, mtoto mmoja angefika mlangoni siku ya mtihani na kuambiwa kwamba tayari yumo, kumbe aliyemo ni dada yake.

Hayo ni ya darasa moja. Nchi nzima nayo imepita katika chekeche hili. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, Tume ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba ilikuwa imewaandikisha watu zaidi ya milioni 46, na kwamba baada ya kusafisha orodha walibaki milioni 40 na kidogo. Zaidi ya milioni 5 waliondolewa kama marudio, na wengine wapatao 900,000 kwa kuwa hawakuwa na umri wa kupiga kura. Mashine zililinganisha picha na alama za vidole, maana hata mapacha waliofanana kama matone mawili ya maji hawana alama sawa za vidole. Lakini wakaguzi wa Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa walikuta kwamba asilimia 16.6 ya walioandikishwa hawakuwa na alama za vidole katika orodha. Wapinzani waliona humo wapiga kura hewa; CENI ikakana. Sisi hatutaki kuufungua tena ugomvi huo. Tunataka mwone jambo moja tu: kwa watu hao, mmoja wa mistari ambayo ulinganishaji uliitegemea haukuwepo. Na sisi tunaokaa jirani na Kasulo na Musonoi tunajua kwamba vidole vinavyoshika sururu na mawe kila siku husagika, hata kifaa kikashindwa kuvisoma.

Mtauliza, kwa nini mtu ajiandikishe mara mbili kama hana nia mbaya? Wapo wenye nia mbaya, hatukatai. Lakini kumbukeni kwamba hesabu ya mwisho ya watu katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, na kwamba kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha raia: kwa benki, kwa njia, kwa kupokea fedha za simu. Aliyepoteza kadi yake, au aliyehama kutoka Likasi kuja Kolwezi kutafuta kazi, aliona foleni ya kuandikishwa akaingia. Alitafuta karatasi ya kumtambulisha, hakutafuta kura ya pili. Marudio yake katika orodha yalikuwa habari ya maisha yake. Na kwa sababu kadi ilikuwa na uzito huo, kufutwa kimakosa kulimnyima mtu zaidi ya kura.

Mfano wa pili ni wa mishahara. Mwezi Januari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitangaza matokeo ya uchunguzi wake katika orodha za malipo ya watumishi wa serikali. Watu zaidi ya 53,000 walionekana zaidi ya mara moja. Na watu zaidi ya 93,000 walikuwa wakitumia namba moja ya kazi pamoja na wengine. Ziangalieni takwimu hizo mbili kwa utulivu, kwa maana ni magonjwa mawili yanayopingana. Katika la kwanza, mtu mmoja ana mistari miwili, na hazina ya taifa inavuja. Katika la pili, watu wawili wana mstari mmoja, na anayesafisha kwa kutazama namba tu huweza kumfuta mwalimu anayefundisha kweli akambakiza asiyejulikana. Dawa ya ugonjwa wa kwanza, ikitumiwa kwa wa pili, inaua. Kuiba mshahara wa pili ni dhambi, nasi hatuitafutii udhuru. Lakini dhambi ya mwizi haimpi karani ruhusa ya kumlaza njaa asiye mwizi.

Kanisa nalo lina daftari ambalo limekutana na swali hili tangu zamani. Ubatizo haurudiwi, kwa hiyo kila parokia hulazimika kujua kama mtu huyu ameshabatizwa au la. Na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka katika daftari la ubatizo, kando ya jina la mtu, yaandikwe pia kipaimara chake, ndoa yake, upadirisho au nadhiri zake. Mtoto aliyebatizwa Kolwezi akifunga ndoa Lubumbashi miaka 25 baadaye, habari inapaswa kurudi Kolwezi na kuandikwa pembeni ya mstari wake wa kwanza. Huo ndio ujumbe wa mistari mingi ulioandikwa na mikono mingi, na kilichoufunga pamoja ni ile namba ya ukurasa. Tena, pakiwa na shaka kama mtu alibatizwa, sheria haisemi mbatizeni tu wala haisemi mfukuzeni. Inataka kwanza uchunguzi wa dhati, na shaka ikibaki hata baada ya hapo, abatizwe kwa sharti. Uchunguzi hutangulia, hukumu hufuata.

Na msomapo Injili ya Marko mtakuta mikate inaongezeka mara mbili: mikate mitano, watu elfu tano na vikapu kumi na viwili katika sura ya sita, mikate saba, watu elfu nne na vikapu saba katika sura ya nane. Msafishaji mwenye haraka angesema ni habari moja iliyojirudia, akafuta moja. Mwinjili amezitunza zote mbili, na katika sura hiyo ya nane Yesu anawauliza wanafunzi wake idadi ya vikapu vya mara ya kwanza, kisha idadi ya vikapu vya mara ya pili. Watu wa mara ya pili nao walikuwa na njaa yao.

Kwa hiyo, vijana wetu, hatuwakatazi kufuta. Orodha isiyosafishwa humlipa mwizi na humpa mtu mmoja kura mbili. Uvivu wa kuacha kila kitu kama kilivyo si upole. Tunawaomba mfute kama watu wanaojua wanachokigusa. Kusanyeni mistari yote ya mtu kabla ya kumlinganisha na mwingine. Msitegemee mstari mmoja, hata ukiwa na mhuri. Ulizeni mama yake ni nani. Hesabuni vichwa vilivyoketi, kisha mhesabu majina. Na kila jina mnaloliondoa liandikeni katika karatasi ya pembeni pamoja na sababu na tarehe, kisha karatasi hiyo ibandikwe mahali ambapo mwenye jina anaweza kuisoma na kusema: mimi nipo. Mashine ikifuta bila kuacha alama, hakuna wa kuiuliza. Ninyi mnaweza kuulizwa, na ni heshima yenu kuulizwa.

Huenda hakuna atakayewashukuru. Mtoto aliyebaki katika orodha hajui kwamba alikaribia kuondolewa. Ataketi, atafungua karatasi ya mtihani, ataandika jina lake juu. Hilo latosha.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika orodha ya kikundi chetu, ni mistari mingapi tunayoandika kwa kila mwanachama? Je, inatosha kuwatenganisha wawili wenye jina moja?

2. Ni nani katika mtaa wetu anayekosa karatasi ya kumtambulisha, na tunaweza kumsindikiza wapi?

3. Tunapomsikia mtu akilalamika jambo lile lile kwa mara ya kumi, huwa tunahesabu mara hizo kumi, au tunabakiza moja na kuendelea na safari?